Siku moja maishani mwangu: vipande vitatu vya marumaru

Saa 12 na nusu asubuhi, Athens. Alamu inalia nazima inalia tena. Huko nyumbani Tanga nikisema nafanya kazi ya marumaru wanajua nauza vigae, mamdogo ashaniuliza boksi bei gani 😂 kumbe kazi yenyewe ni kutafuta jiwe la kale lilichimbwa wapi.

Saa 2. Niko maabara. Leo vipande vitatu, kila kimoja kama punje ya mchele, vimetolewa pale palipovunjika zamani ili sanamu zisiumie zaidi. Kwanza lenzi. Jiwe la mlima Penteli, ndo lililojenga hekalu la Parthenon kuanzia 447 KK, punje zake ndogo kama chumvi laini, la kisiwa cha Naxos ni chumvi ya mawe kabisa ukiligeuza linametameta. La kisiwa cha Paros liko katikati na ugomvi wote unaanziaga hapo.

Saa 4. Tone la asidi. Cha kwanza povu, cha pili povu, cha tatu kimyaa. Bosi ashaandika "Paros" kwa kalamu kwenye bahasha yake, nikaongeza tone, kimya, basi hiyo ni dolomiti, marumaru yenye magnesiamu, maana haitoi povu kwenye asidi baridi iliyozimuliwa, na dolomiti nyeupe hivi hapa Ugiriki unaiwazia kwanza kisiwa cha Thasos, rasi ya Vathy. Nikamwonyesha. Akanywa kahawa yake, akachukua kalamu, akakata neno bila kusema kitu.

Saa 7 mkate na jibini, foleni ya mashine.

Saa 9. Isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti. Vumbi kiduchu unaliwekea asidi ya fosforiki, linatoa kaboni dioksaidi, mashine inakupa namba mbili, ya kaboni na ya oksijeni, afu unatafuta zimeangukia machimbo gani kwenye grafu (watu wanafanya hivi tangu 1972). Cha kwanza Penteli, safi. Cha pili kimekaa palepale Paros inapopandana na kisiwa cha Marmara kule Uturuki, na sio ile Paros ya handakini waliyochimba kwa mwanga wa taa, ni machimbo yake mengine. Marmara, marumaru, ndio, ni ukoo mmoja, vyote vinarudi kwenye marmaros ya Kigiriki.

Saa 12 jioni. Kesho hicho cha pili nikikate chembamba, milimita 0.03, nikipeleke kwenye hadubini. Kwenye bahasha yake nimeandika "Paros?" kwa penseli.