Agabo Alisimama, Nao Wakachanga

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili sijatoka kwenye Matendo ya Mitume sura ya 11, mistari ile minne ya mwisho. Manabii wameshuka kutoka Yerusalemu wakafika Antiokia. Mmoja wao, Agabo, anasimama na kuonyesha kwa uweza wa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Luka anasema njaa hiyo ikatukia kweli, siku za Klaudio. Sasa tazameni kinachofuata. Hakuna aliyeuliza ni dhambi ya nani iliyoileta. Hakuna aliyesema tungoje kwanza tuone. Wanafunzi, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa, wakaazimu kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, na wakaupeleka kwa mikono ya Barnaba na Sauli.

Miaka yote nimeuhubiri mstari huu siku za matoleo. Safari hii nimeusoma kama habari ya maafa, na umenishika vibaya.

Tukisikia maafa ya asili, akili inakimbilia yale yenye kishindo: ardhi inayotikisika, mlima unaotema moto. Nayo yanaua kweli. Tetemeko la Shaanxi, China, mwaka 1556, linakadiriwa kuua watu 830,000, wengi wao wakiwa ndani ya makao waliyoyachimba kwenye udongo laini wa vilima. Tangshan, China hiyohiyo, mwaka 1976, serikali ilihesabu waliokufa 242,000. Lakini huenda maji yameua zaidi. Mafuriko ya China ya mwaka 1931 yana makadirio yanayotofautiana sana, kutoka mamia ya maelfu hadi karibu milioni 4, na sehemu kubwa ya watu hao hawakuzama. Walikufa baadaye, kwa njaa na magonjwa, maji yakiwa yamekwisha kutulia. Na ukame ndio usio na sauti kabisa. Hauna saa wala siku ambayo mtu atasema, “Ulianza pale.”

Mimi ni mtoto wa Ugogo, na kwetu njaa huitwa kwa majina. Kubwa kuliko zote katika masimulizi ni Mtunya, ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Bibi yangu aliisikia kwa mama yake. Majeshi ya Wajerumani yalipita yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ya Waingereza yakaja nayo yakachukua. Kisha mvua ikagoma. Maelfu walikufa. Hilo la majeshi bibi hakuacha kulitaja, kila mara. Aliposimulia Mtunya, mvua aliitaja mwishoni.

Alikuwa na kihenge cha nafaka nyuma ya nyumba. Jioni, kabla ya kuingia ndani, alikipiga kwa vifundo vya vidole, akianzia juu akishuka taratibu, akisikiliza. Palipo na uwele sauti ilikuwa nzito. Palipo patupu ililia kama ngoma ndogo. Alikuwa akijua kimebaki cha miezi mingapi bila kufungua kifuniko. Mbegu ya kupanda ilikaa kwenye chungu cha peke yake, na hata mgeni wa heshima hakupikiwa kutoka humo. Sisi watoto tulidhani ni uchoyo.

Nimemkumbuka kwa sababu ya Somalia. Njaa ya mwaka 2011 huko haikuja kwa kushtukiza. Wataalamu wanaofuatilia mvua, bei za nafaka na hali ya mifugo walianza kutoa tahadhari mwaka 2010. Walikuwa wanapiga kihenge, nacho kilikuwa kinalia. Kulikuwa na vita, misaada ilizuiwa, na wenye uwezo wakasubiri. Njaa ilipotangazwa rasmi Julai 2011, makaburi yalikuwa yamekwisha kuwa mengi. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba walikufa watu karibu 258,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Agabo alisimama. Antiokia haikuchanga kwa wakati.

Yosefu hakusubiri. Ndoto ya Farao ilikuwa tahadhari, lakini kilichookoa Misri ni ile sehemu ya tano iliyowekwa ghalani miaka saba ya shibe, mwaka baada ya mwaka, wakati hakuna aliyekuwa akiona haja yake. Hebu fikirini watu walivyonung'unika mwaka wa sita.

Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, upande wa magharibi wa Sumatra, Indonesia. Mwaka 1907 wimbi kubwa la bahari lilikipiga na kuua watu wengi. Waliobaki hawakujenga mnara wala kuandika kitabu. Waliwaambia watoto, nao wakawaambia watoto wao, kwenye hadithi na nyimbo za kubembelezea: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikirudi nyuma, hiyo ni smong, usiokote samaki, kimbia mlimani. Miaka 97 wimbo ukaimbwa na smong haikuja. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 26, 2004, siku moja baada ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana, ardhi ikatikisika, kwa kipimo cha 9.1, karibu kabisa na kisiwa chao. Maji yakawafikia baada ya dakika chache tu. Hapakuwa na king'ora, hapakuwa na redio ya kuwaambia. Watu karibu 78,000 wa kisiwa kile walipanda milimani, wakipiga kelele neno lile moja. Walikufa saba. Ng'ambo yao, Aceh, kwenye pwani ya Sumatra yenyewe, ambako wimbo ule haukuwapo, waliokufa na kupotea walizidi 160,000.

Hapa nasimama kila mara. Bibi mmoja amembeba mjukuu, anamwimbia jambo ambalo yeye mwenyewe hajaliona, na mtoto analala.

Wimbi lilelile lilisafiri kwa saa nyingi hadi kufika pwani yetu ya Afrika. Muda ulikuwapo. Somalia ilipoteza karibu watu 300. Kwetu Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi. Kenya, ambako polisi waliwahi kuwaondoa watu ufukweni Mombasa, alikufa mmoja. Bahari ni ileile. Ni swali la nani aliambiwa, na nani alitii.

Na kutii ni kazi. Usiku wa Novemba 12, 1970, kimbunga cha Bhola kilipiga nchi ambayo leo ni Bangladesh, kikaua watu wasiopungua 300,000. Hakuna kimbunga kingine kinachojulikana kuua kiasi hicho. Tahadhari ilikuwapo, lakini wengi hawakufikiwa nayo, na waliofikiwa hawakuwa na pa kukimbilia. Baada ya hapo wakaandaliwa watu wa kujitolea, kijiji kwa kijiji, wenye bendera na vipaza sauti vya mkononi, kazi yao kupita nyumba hadi nyumba. Yakajengwa majengo ya kujihifadhi. Haikuwa kazi ya siku moja: mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua watu karibu 138,000. Hawakuacha. Mwaka 2007, Sidr iliua zaidi ya 3,000. Mwaka 2020, kimbunga Amphan kilipopiga, waliokufa nchini humo hawakufika mia moja. Upepo haukupungua nguvu kwa ajili yao. Kuna kijana alitembea kwenye mvua akagonga mlango wa mjane.

Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kimbunga Hidaya na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, nilipokea kwenye simu utani mwingi kuliko maombi, na mwingi ulitoka kwa wapendwa. Kilipodhoofika, wengine walisema tumetishwa bure. Ndugu zangu, tumuombe Mungu atupe kutishwa bure mara nyingi. Watu wa Simeulue waliimba miaka 97.

Niliseme na hili, maana limeniuma. Desemba 3, 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa zaidi ya watu 80. Juma halikwisha nikasikia kwenye mkusanyiko wa waombaji mtu akiuliza watu wa kule walikuwa wamefanya nini. Bwana alikwisha kulijibu swali hilo, Luka 13, alipowataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Aliwauliza wasikilizaji wake: mwadhani wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Akasema, Sivyo. Kisha akawageukia haohao wasikilizaji, akawaambia watubu wao. Mimi nimejiuliza toba yangu ni ipi, na nimeona kwamba sehemu yake ni hii: kila nilipoambiwa mvua kubwa inakuja, nilifunga madirisha yangu.

Korongo lililo nyuma ya kanisa letu mnalijua. Kwa miezi minane ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Kwenye ukingo wake kuna nyumba nilizozihesabu Jumanne, ni kumi na moja. Katika moja anakaa mzee asiyesikia vizuri, na hana simu. Nilimuuliza, mvua ikija usiku atajuaje. Akaniambia mbwa wake hubweka.

Jumapili hii baada ya ibada, wazee wa kanisa na vijana tubaki kidogo. Naomba kila nyumba kati ya zile kumi na moja ipate jina la mtu wa kuigongea, na mtu huyo aende akajitambulishe wiki hii, jua likiwaka, ajue mlango uko upande gani. Vilevile tulifungue ghala la kanisa tulilokuwa tukilitunzia viti, tuone kama panya wanazuilika. Mavuno ya mwaka huu si mabaya. Kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa: debe, nusu debe, kisonzo.

Ya yule mzee nimeichukua mimi. Mlango wake uko upande wa kaskazini, unafunguka kwa nje, na mbwa anaitwa Simba.