Kumbukumbu ya mradi: kuichagulia konveta Land Cruiser 80 yangu

11 Mei

Nimerudi Arusha jana usiku kutoka Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron. Gari limefika salama, ila giaboksi imenitia wasiwasi mkubwa. Pale barabara inapoacha bonde la Natron na kuanza kupanda kuelekea Wasso, kipimo cha joto la ATF, yaani mafuta ya giaboksi, kilifika nyuzi 128. Nilisimama, nikaweka N (gia huru), nikaacha injini iungurume taratibu kwa dakika kumi na tano mpaka kikashuka chini ya 100.

Kwa anayeanza kusoma leo: ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1993, injini 1HD-T, dizeli ya lita 4.2 yenye tabo (feni inayoisukumia injini hewa), giaboksi ya otomatiki A442F. Tangu Januari nimeiwekea tairi za 315/75R16 badala ya 275/70R16, bampa ya chuma na winchi, tangi la pili la dizeli, na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo). Pampu ya dizeli nayo imefunguliwa ili injini ipate mafuta zaidi. Juu ya mizani, ikiwa na maji na mizigo ya safari, ina kilo 3,100.

Kitu ambacho sikukigusa ni toki konveta, chombo kinachokaa kati ya injini na giaboksi na kupitisha nguvu kwa ATF badala ya klachi. Ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, na ilitengenezwa kwa gari jepesi zaidi, tairi ndogo zaidi na injini yenye nguvu ndogo zaidi.

14 Mei

Nimempelekea gari fundi wangu pale Unga Limited, hapa Arusha mjini. Baada ya shikamoo na marahaba, alichomoa kijiti cha ATF, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akanusa. "Hii imeanza kuungua, mwanangu. Bado haijafa." Rangi ilikuwa ya chai ya rangi, na ilitakiwa kuwa nyekundu.

Tumepima stoli, yaani mizunguko kwa dakika inayofikiwa na injini gari likiwa D (gia ya kwenda mbele), breki zimekanyagwa mpaka mwisho na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Magurudumu yote manne yalizuiwa kwa vigingi, handibreki juu, ATF ikiwa tayari ya moto, na hakuna mtu kusimama mbele wala nyuma ya gari. Sekunde tano tu kila mara, kisha N mpaka ipoe. Ukizidisha, nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya konveta.

Majibu mara tatu: 2,400. Mwaka jana, kabla ya intakula na kabla ya kuongeza mafuta, palepale gereji, tulipata 2,100.

Nimekaa na hesabu hii jioni nzima. Konveta haina stoli yake yenyewe peke yake. Kadiri injini inavyosukuma, ndivyo stoli inavyopanda, na inapanda kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya kuzungusha. Chukua 2,400 gawanya kwa 2,100, zidisha jibu kwa lenyewe: unapata 1.3. Maana yake injini yangu sasa inazungusha kwa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 30, na konveta ya kiwandani inazidiwa. Ndiyo maana mtu akikwambia anauza konveta ya "stoli 2,000", swali la kwanza ni: nyuma ya injini ipi? Bila jibu la hilo, namba hiyo haikusaidii kitu.

18 Mei

Leo nimepima utelezi wa konveta, yaani mizunguko ya injini isiyofika kwenye giaboksi, kwenye lami, mlima wa kutoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu. Tairi hizi mpya zinaifanya spidomita iseme uongo, 63 ni 70 halisi, kwa hiyo nilitumia spidi ya GPS kwenye simu.

Tairi ina mzingo wa mita 2.76, difu (gia za kwenye ekseli) ni 4.10, na gia ya tatu ni moja kwa moja. Kwa kilomita 70 kwa saa, kama hakuna utelezi wowote, injini ingezunguka mara 1,730 kwa dakika. Mshale ulisoma 2,150. Karibu mzunguko mmoja katika kila mitano unapotelea ndani ya ATF. Joto: 117, na hiyo ni lami!

Ndani ya konveta kuna impela inayozungushwa na injini, tabaini inayozungusha giaboksi, na katikati steta inayogeuza mkondo wa ATF ili usukume tena. Gari likiwa limesimama, steta ndiyo inayozidisha nguvu, karibu mara mbili. Ni zawadi kubwa unapotaka kupanda jiwe polepole. Lakini tabaini ikibaki nyuma ya impela kwa muda mrefu, kama kwenye mlima wa kilomita kadhaa, zawadi hiyo inalipwa kwa joto.

25 Mei

Nina njia tatu, na nimezunguka nazo kichwani wiki nzima.

Jamaa mmoja mwenye gari la mbio la petroli ananishauri konveta legevu, inayoteleza zaidi, stoli 2,800. Kwake ni sahihi, kwa sababu injini yake inapata nguvu juu. 1HD-T inafika kilele cha nguvu yake ya kuzungusha kwenye mizunguko 1,800 tu. Nikiipa 2,800 nitakuwa nachemsha ATF ili kuitafuta nguvu iliyokwisha kupita.

Njia ya pili ni kuibana sana, mpaka 1,800 au chini. Hii ilinivutia kwa ajili ya joto. Fundi ndiye aliyenisimamisha: tabo yangu haijazi vizuri chini ya 1,900, na huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi. Ukiibana kupita kiasi, ukianza kupanda jiwe injini itashikwa chini kabla tabo haijaamka, na gari litabaki likitetemeka tu.

Nimechagua ya tatu: stoli irudi 2,100 nyuma ya injini hii ilivyo sasa, na lokapu yenye klachi pana kuliko ya kiwandani. Lokapu ndiyo inayoshikanisha injini na giaboksi bila kupitia ATF, utelezi unakuwa sifuri.

3 Juni

Kabla ya kuagiza mpya nilijaribu kuokoa hela. Nilinunua konveta iliyotumika, muuzaji akiniapia ni nzima. Fundi aliikata kwenye mashine, na ndani klachi ya lokapu ilikuwa imeisha mpaka chuma, vumbi jeusi kila kona. Vumbi hilo lingeingia kwenye valvu zote za giaboksi. Hela imeniuma, lakini giaboksi imepona.

Nimeagiza kutoka Australia, ambako 80 za dizeli za otomatiki ni nyingi na watu wanazifanyia kazi hii. Niliwaandikia uzito, tairi, difu, na stoli zote mbili nilizopima.

20 Julai

Imefika, na leo imeingia. Tumeimiminia lita moja ya ATF kwanza, isianze kavu. Halafu ile sehemu ninayoiogopa kuliko zote: lazima ikae mpaka ndani kabisa kwenye pampu ya giaboksi. Unaizungusha huku unaisukuma, inaingia kwa vishindo, na usikubali mpaka rula ikuonyeshe imezama kuliko uso wa kengele, lile ganda la mbele la giaboksi. Ukivuta giaboksi kwa bolti konveta ikiwa haijakaa, unapasua pampu.

Pamoja nayo tumefunga kipoza ATF cha ziada mbele ya rejeta, na swichi ya lokapu karibu na usukani. Swichi hii inataka adabu. Unaiwasha gari likiwa limeshika mwendo, unaizima kabla ya kusimama, la sivyo injini inazimika kama gari la klachi ukisahau mguu.

27 Julai

Mlima uleule, mzigo uleule, kilomita 70, gia ya tatu. Bila lokapu: 1,950, joto 99. Na lokapu: 1,730 kamili, joto 91, na likabaki hapo mpaka juu. Stoli imesoma 2,100. Wakati wa kushuka niliiacha lokapu imewashwa, injini ikalishika gari, na breki sikuzigusa mpaka zile kona mbili za chini.

Bado difu. Tairi hizi zimeifanya 4.10 iwe kama 3.70, na 4.56 ingenirudisha nilipokuwa. Fedha yake haijatimia, kwa hiyo kwenye mawe nitaingia lo (gia nzito ya polepole) mapema; ile 2.488 ya kwenye transfa, giaboksi ndogo ya magurudumu manne, inaitua konveta mzigo.

Jumamosi ya wiki ijayo narudi Ngare Sero, nitapanda mchana wa jua kali kama ile Mei. Namba nitaziandika hapa nikishuka.