Visima vya kwanta kwa betri ya volti 9

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: bila spektromita (kifaa cha kupima rangi za mwanga) na naitrojeni ya kimiminika ya kupoozea, visima vya kwanta, yaani matabaka membamba mno yanayonasa elektroni, utaishia kuvisoma vitabuni. Sikununua spektromita wala naitrojeni. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wameviona kwa betri ya volti 9, rezista mbili na LED (taa ndogo za kielektroniki) za kijani, na gharama yote haifiki nauli ya kwenda Kariakoo.

Fundi redio mmoja alinipa kwanza zile LED za kijani za zamani, zenye kioo cha ukungu, akaapa kwamba kijani ni kijani. Nikaongeza umeme, nikapunguza, rangi haikusogea. Ingesogeaje? Zile ni fosfaidi ya galiamu, hazina kisima ndani. Tafuta zenye kioo cheupe kama maji, zinazodai karibu volti 3. Humo mna matabaka ya naitraidi ya galiamu yenye indiamu, unene wa nanomita 3 hivi. Hivyo ndivyo visima vyenyewe: elektroni zikinaswa humo zikakutana na matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni, mwanga unatoka.

Moja niliiunga na rezista ya omu 330, nyingine ya omu milioni moja, inayobana umeme zaidi. Gizani hii ya pili inawaka kwa shida, kijani cha kuelekea njano. Ya kwanza imevutwa kwenye buluu. "Piga picha kwa simu," wajuzi wakasema. Simu! Kamera inajisahihishia rangi yenyewe, zote zikatoka sawa. Jicho nalo hudanganywa na ukali wa mwanga. Basi ile hafifu nikaisogeza mpaka ikakaribia kugusa karatasi nyeupe, ile kali nikampa mwanafunzi arudi nayo nyuma, arudi tena, mpaka alipokaribia mlango madoa mawili yakalingana ung'avu. Darasa likapiga kelele kabla sijasema neno. Nikabadilisha rezista kati ya LED hizo mbili, asije mtu akasingizia taa. Rangi zikahama na rezista.

Mwalimu mwenzangu bado anashikilia kwamba ni joto. Joto hupunguza pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni huitoa kama mwanga ikikutana na tundu. Rangi ingekimbilia wekundu, siyo buluu. Mkazo wa fuwele ndio unaozaa uga wa umeme ndani ya kisima, ukivuta elektroni upande huu na tundu upande ule, nishati ya mwanga ikashuka. Umeme mwingi ukiingia, chaji zinaudhoofisha uga huo, nishati inapanda, rangi inasogea kwenye buluu. Nimemwachia betri abishane nayo.