Siku tuliyokuta katapila kijitoni

Kipindi nafanya kazi kwenye lile shirika la kuhifadhi ardhi watu walikuwa wananiuliza, kwa hiyo nyie mnapanda miti? Nilichoka kueleza, maana miti yenyewe tulipanda kidogo sana, kazi kubwa ilikuwa makaratasi na kuongea na wenye mashamba.

Sasa kuna siku nilitoka na jamaa wetu wa ukaguzi, ofisi nzima tulimwita Mjomba, tukaenda kwenye shamba moja lenye msitu na kijito. Mzee mwenye shamba alishasaini mkataba na shirika zamani, yaani ardhi inabaki yake, analima, anauza, anarithisha watoto, ila ile haki ya kukata viwanja na kujenga hovyo ameiachia moja kwa moja, na mkataba umesajiliwa pamoja na hati kwa hiyo hata akija mnunuzi mpya unamhusu. Shirika nalo lina wajibu wa kwenda kukagua kila mwaka. Mzee akafariki, watoto wakauza, na huyo mnunuzi ndo tulimkuta na katapila imeshachimba njia mpaka kijitoni, vigingi vya msingi wa nyumba vimesimama pale pale ukingoni!

Mi damu ilichemka nikatoa simu nianze kupiga picha, Mjomba akasema kwa sauti ya chini, rudisha simu mfukoni, tusalimie kwanza. Akaongea na yule bwana weee, kuhusu kisima, kuhusu watoto wake, mi nimesimama tu nauma meno. Jamaa akasema wazi, nimenunua kwa hela yangu, hizo karatasi zenu sizijui. Mjomba hakubishana, akamuomba tu tuzunguke wote watatu tupige picha kwenye zile alama zilizoko kwenye ripoti ya mwanzo, ile iliyoandikwa mzee aliposaini mkataba, sehemu ile ile, kamera ikielekea upande ule ule.

Ofisini ndo kulichafuka. Mkurugenzi anataka twende kwa wakili saa hiyo hiyo, mhasibu analia na mfuko wa akiba ya kesi, kila mtu anaongea. Aliyetuokoa ni dada wa mafaili, ambaye mi nilikuwa namuona mkali bure, alikuwa anarudisha ripoti kisa picha moja haina tarehe. Mjomba alipenda kutusimulia kwamba shirika la kwanza la aina yetu lilianza Massachusetts, Marekani, mwaka 1891, na Charles Eliot, mbunifu wa mandhari aliyelipendekeza, alitaka litunze ardhi nzuri kama maktaba inavyotunza vitabu, na huyu dada kila akisikia hiyo stori anajibu, maktaba bila mtu wa mafaili ni stoo. Basi akaleta faili la lile shamba, ramani, picha, sahihi ya mzee, akaweka kidole kwenye kipengele ambacho hakuna kati yetu aliyekikumbuka: mkataba unaruhusu nyumba moja, ila kule juu karibu na barabara.

Yule bwana alipokuja dada akampangia picha za zamani na mpya mezani, hakumhubiria chochote. Jamaa akaziangalia muda mrefu, akauliza, kumbe kulikuwa na miti mikubwa hivi? Akalalamika sana kuhusu gharama, akamlaumu wakili wake kwa kutomsomea vizuri (na hapo kwa kweli alikuwa na haki ya kukasirika), mwisho akakubali kuhamisha vigingi na kuifukia ile njia. Kesi haikuwepo.

Mwaka uliofuata tukaenda kukagua kama kawaida, nyumba imeshapanda kule juu, ukingo umeanza kuota majani, na mwenyewe akatupokea getini na ugomvi mpya kabisa kuhusu uzio, Mjomba akaanza upya kumuuliza kuhusu watoto.