Waliofukuliwa Chini ya Maiti

Siku hizi mawazo yangu yako Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa. Mapigano ya tarehe 25 Oktoba 1415, ambamo Waingereza waliwashinda Wafaransa, yamesimuliwa vya kutosha. Kinachonikosesha usingizi ni saa zilizofuata, pale askari wa Henry wa Tano wa Uingereza walipoanza kupekua malundo ya miili wakiwatafuta makabaila waliokuwa bado wanapumua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya shamba lililotoka kulimwa, na watu waliovaa deraya nzito walikuwa wameangukiana topeni, hata wengine wakakata roho kwa kukosa pumzi tu.

Charles wa Orléans, kijana wa miaka 20, mtoto wa ndugu yake mfalme wa Ufaransa, alivutwa kutoka chini ya maiti akiwa mzima. Arthur de Richemont, kabaila mwingine wa upande wa Wafaransa, naye alikuwa amelaliwa na wenzake waliouawa juu yake. Alitambuliwa kwa nembo ya ukoo iliyokuwa kwenye vazi lake, ingawa lilikuwa limelowa damu. Nairudia picha hiyo mara kwa mara: mkono unafuta damu kwenye kitambaa, macho yanatafuta nembo, kwa sababu nembo ndiyo iliyoonyesha kama majeruhi huyu ana jamaa wa kumlipia fidia.

Huruma ilikuwa na nafasi ndogo sana katika kazi hiyo. Ghillebert de Lannoy, kabaila aliyepigana upande wa Wafaransa na kujeruhiwa gotini na kichwani, aliokotwa kati ya wafu akafungiwa katika nyumba ya jirani pamoja na majeruhi wengine wasiojiweza. Mara ikavuma habari kwamba Wafaransa wanashambulia upya, Henry akaamuru mateka wauawe, na ili kazi iende haraka nyumba ile ikatiwa moto. Ghillebert alitoka akitambaa kwa mikono na magoti. Waingereza waliporudi walimkamata tena, akauzwa kwa John Cornwall, mmoja wa makamanda wa Kiingereza, na uhuru wake ukagharimu sarafu 1,200 za dhahabu pamoja na farasi. Mtu yule yule, mchana ule ule, alikuwa mali, kisha mzigo wa kuchomwa, kisha mali tena. Siwezi kulizoea jambo hilo.

Asubuhi ya pili Henry alipita tena uwanjani. Waliokutwa hai, baadhi walichukuliwa mateka na wengine wakamaliziwa pale pale. Wapo waliojikokota hadi vichakani na vijiji vya karibu, wakafia huko. Kisha watu wakawavua waliobaki deraya na nguo zote, na kwa kuvuliwa hivyo ile nembo iliyomwokoa Arthur haikuwapo tena. Watumishi waliokuja kuwatafuta mabwana zao wawazike makwao walikuta miili mitupu, wakalazimika kuikagua mmoja baada ya mwingine. Wasiochukuliwa na ndugu walizikwa kwa maelfu kwenye mahandaki, kwa amri ya Philippe wa Charolais, mwana wa mtawala wa Burgundy, ambaye baba zake wadogo wawili, Antoine wa Brabant na Philippe wa Nevers, walikuwa miongoni mwa waliouawa.