Binti Asiye na wa Kumsindikiza

Somo: Marko 5:21–34

Wapendwa katika Bwana, katika somo hili watu wawili wanamwendea Yesu siku moja. Yairo anakuja waziwazi, anaanguka miguuni pake na kumsihi sana kwa ajili ya binti yake mdogo, mwenye umri wa miaka 12. Mwanamke ambaye ametokwa na damu kwa miaka hiyo hiyo 12 anakuja kwa nyuma, akijificha katikati ya umati, wala hatusomi kwamba alikuwapo baba, mume au dada wa kumsemea hata neno moja.

Humkumbuka mwanamke huyu kila ninapowasikia akina mama wa kanisa letu wakiahirisha tena uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Hapa Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake, na jambo linaloniumiza ni kwamba huchukua miaka mingi kujengeka, mara nyingi zaidi ya 10, hivyo muda wa kuizuia huwa upo. Uchunguzi wa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi huchukua dakika chache, majibu hutolewa papo hapo, na dalili za awali zikionekana mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo.

Mbona basi hawaendi? Tumezoea kujibu kwamba hawana elimu, nami siridhiki na jibu hilo, kwa kuwa wengi wao wameshasikia mafundisho hayo kliniki na redioni. Yuko aliyefiwa na mtoto katika kituo kile kile, na tangu siku hiyo miguu yake inakataa kuvuka lango lake. Yuko ambaye sonona imemnyima hata nguvu ya kuchana nywele, nasi tunamwita mzembe. Yuko anayesema moyoni, "Bora nisijue," kwa sababu akijua hana wa kumweleza. Na yuko anayehofia kwamba mumewe atamshuku uzinzi, kwa kuwa virusi vinavyosababisha ugonjwa huu huambukizwa kwa kujamiiana. Ndugu zangu akina baba, virusi hivyo vyaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, na majibu ya mkeo si ushahidi wa usaliti wa mtu.

Yesu alisimama njiani, ingawa mtoto wa Yairo alikuwa katika kufa. Alimtafuta kwa macho aliyemgusa, akamsikiliza mwanamke yule akitetemeka na kumweleza kweli yote, kisha akamwita "Binti", jina lile lile ambalo Yairo alikuwa amelitumia kwa mtoto wake. Mbele ya umati ule, asiye na wa kumsemea alipewa mahali pa mtoto mwenye baba.

Wiki hii, kila mmoja wetu amwombee kwa jina mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka kati ya 30 na 50, kisha aende kumtembelea. Msikilize kwanza, hata kama mazungumzo ya siku hiyo hayatafika kwenye habari za kliniki. Akiwa tayari, chagueni pamoja siku ambayo hayumo katika hedhi, umwambie, "Nitakupitia saa mbili asubuhi, na mtoto nitampakata mimi mpaka utakapotoka."