Whitechapel: kila mtu ana Jack wake

Nyuma ya stesheni ya Whitechapel, mashariki ya London, kuna kichochoro kiitwacho Durward Street. Sisi tunaobeba boksi zamu za usiku tunakikatiza tukiwahi treni, na wengi hawana habari kwamba mwaka 1888 kiliitwa Buck's Row, na kwamba alfajiri ya tarehe 31 Agosti mwaka huo Mary Ann Nichols alikutwa hapo amekatwa koo, mmoja wa wanawake kadhaa waliouawa mwaka huo na mtu asiyejulikana hadi leo, aitwaye Jack the Ripper. Alikuwa amefukuzwa kwenye nyumba ya kulala kwa kukosa peni 4 za kitanda.

Wenye habari ni watalii. Kila jioni utawakuta wamemzunguka mwongozaji, kashika picha iliyopigwa plastiki: mwanamume wa kofia ndefu, joho, mkoba wa daktari, na ukungu tele. Mtu huyo hakuna aliyemwona. Mkoba peke yake una asili. Usiku wa kuamkia Septemba 30, alipouawa Elizabeth Stride, mama mmoja wa Berner Street alimwona mtu akipita haraka na mkoba mweusi. Mwenye mkoba, Leon Goldstein, akajipeleka polisi mwenyewe: ndani mlikuwa na paketi tupu za sigara. Paketi zikasahaulika, mkoba ukabaki. Tuliotishwa na mumiani utotoni hatushangai.

Jina lenyewe "Jack the Ripper" lilitoka kwenye barua ya wino mwekundu iliyotumwa kwa shirika la habari la Central News, wala si kwa polisi. Baadaye wakubwa wa polisi walisema wazi kuwa waliona ni kazi ya mwandishi wa habari. Magazeti yaliuzika, basi.

Lakini kinachonigusa mimi kama mhamiaji ni nani aliyenyooshewa kidole kwanza. Mtaa ulikuwa umejaa Wayahudi waliokimbia mateso katika dola ya Urusi tangu 1881, na watu wakaanza kusema Mwingereza hawezi kufanya unyama ule. Fundi viatu Myahudi, John Pizer, akakamatwa kwa uvumi wa mtu aliyepewa jina la "Aproni ya Ngozi". Ponapona yake ni kwamba usiku wa kifo cha Nichols alikuwa akitazama moto uliozuka bandarini, akaongea na askari. Jamani, fikiria asingemkuta yule askari! Wiki chache baadaye, baada ya Catherine Eddowes kuuawa Mitre Square, kipande cha aproni yake chenye damu kikaokotwa Goulston Street, na ukutani pameandikwa kwa chaki maneno yanayowasema Wayahudi. Kamishna Charles Warren akaamuru yafutwe kabla hapajapambazuka, akihofia fujo. Hayakupigwa hata picha. Hadi leo watu wanamlaumu kwa kuharibu ushahidi. Mimi nakaa mtaa ule ule, na ningefuta.

Baada ya hapo kila kizazi kikajichagulia muuaji wake. Mjukuu wa malkia, Albert Victor? Usiku wa Stride na Eddowes alikuwa Scotland. Montague Druitt aliyekutwa amekufa mto Thames? Ofisa mkubwa wa polisi alimwandika mwaka 1894 kwenye orodha ya washukiwa kuwa ni daktari, kumbe alikuwa wakili na mwalimu. Katika orodha hiyo hiyo kuna Michael Ostrog, ambaye ilikuja kujulikana alikuwa gerezani Ufaransa. Kuna na kinyozi Kosminski, mhamiaji kutoka Poland, ambaye kila baada ya miaka kadhaa "anathibitishwa" kwa vinasaba vya shali inayodaiwa kuwa ya Eddowes, ambayo haimo kwenye orodha ya polisi ya vitu vyake.

Kwangu mimi wa kuzungumziwa ni Stride. Alizaliwa Sweden 1843, akaja London 1866, akafanya usafi majumbani. Alisimulia watu kwamba mumewe na watoto walizama na meli Princess Alice mwaka 1878. Si kweli, mumewe alifariki 1884, kwa maradhi. Lakini kanisa la Waswidi lilimsaidia zaidi ya mara moja, na anayejua kutafuta msaada ugenini hatamcheka. Nilifuata ziara moja mpaka mwisho nimsikie akielezwa. Mjukuu wa malkia alipigiwa stori ndefu na vicheko. Stride alitajwa kuwa "wa tatu", wakavuka barabara.